Jenereta ya propani inazungushwa na stata lakini haiwaki: chunguza mtiririko wa gesi kabla ya kununua kidhibiti

Msomaji mmoja ameandika kwamba jenereta yake ya dharura, inayotumia gesi ya propani na iliyofungwa nje ya nyumba pamoja na swichi inayohamisha umeme yenyewe, ilikataa kuwaka umeme wa gridi ulipokatika. Stata inazungusha injini kwa nguvu, injini inashika kwa sekunde moja au mbili kisha inazimika, na baada ya majaribio kadhaa kidhibiti, yaani kompyuta ndogo inayoamuru mashine iwake na izimike, kinaacha kujaribu na kuonyesha hitilafu ya kushindwa kuwasha. Tangi lilikuwa limeishiwa gesi, likajazwa siku chache kabla ya tukio hilo. Ameshabadilisha betri na plagi. Jiko la nyumbani, ambalo hutumia tangi hilohilo, linawaka bila shida, na kwa sababu hiyo anaamini kwamba gesi ipo ya kutosha. Fundi wake anamshauri anunue kidhibiti kipya, naye anauliza kama afuate ushauri huo.

Ndugu msomaji, usinunue kidhibiti bado. Maelezo yako mwenyewe yanaelekeza kwingine, yaani kwenye njia ya gesi kati ya tangi na injini, na hasa kwenye kiasi cha gesi kinachoweza kupita wakati injini inapokihitaji. Kuwapo kwa gesi kwenye bomba ni jambo moja, na uwezo wa bomba hilo kuendelea kuitoa injini inapoivuta ni jambo jingine. Mafundi wengi waliozoea injini za petroli hawalitenganishi jambo la kwanza na la pili, na hapo ndipo fedha hupotea kwa kubadilisha vipuri ambavyo havikuwa na kosa.

Kwanza niseme kwa nini sikishuku kidhibiti. Ujumbe wa kushindwa kuwasha una maana moja tu: stata ilizungusha injini kwa muda wote ulioruhusiwa na injini haikufikia kasi ya kujiendesha. Hausemi sababu. Kidhibiti ambacho kimetambua kwamba umeme umekatika, kikaamuru stata, kikaipumzisha kati ya jaribio na jaribio, kisha kikasimama ili stata isiungue, kimetimiza sehemu kubwa ya kazi yake. Ni kweli kwamba ndani yake kunaweza kuwa na relei (swichi ya umeme inayoendeshwa na kidhibiti) iliyokufa ambayo haipeleki umeme kwenye vali ya gesi, lakini hilo hupimwa kwa mita kwa dakika chache, nami nitalifikia. Kabla ya kufuta ujumbe wowote, soma kumbukumbu ya hitilafu zilizopita na uandike mpangilio wake, kwa sababu hitilafu ya kwanza ndiyo yenye habari.

Jambo la pili ni kusikiliza namna injini inavyokufa. Injini inayokosa gesi hufifia: mlio unashuka, inakohoa mara moja au mbili, kisha inanyamaza. Injini iliyozimwa na kidhibiti hukatika ghafla ikiwa bado ina kasi, na kioo cha kidhibiti huonyesha ujumbe tofauti, kama vile shinikizo dogo la oili, kupotea kwa ishara ya kasi, au kasi iliyopita kiasi. Kama yako inakatika ghafla, angalia kiwango cha oili kwanza, kisha swichi ya shinikizo la oili na waya wa ishara ya kasi. Lakini kwa kuwa ujumbe ulioupata ni wa kushindwa kuwasha, na injini inashika kwa muda mfupi mno, nadhani yako inafifia. Maelezo yake ni rahisi: kipande cha bomba kilicho kati ya regyuleta (kifaa kinachoshusha shinikizo la gesi ya tangi) na injini huwa na gesi kidogo iliyojikusanya wakati wa mapumziko; injini inaiteketeza hiyo kwa sekunde moja au mbili, na inapoomba zaidi, shinikizo linaporomoka.

Kabla hujagusa chochote, weka kidhibiti katika hali ya kuzimwa, toa fyuzi ya kidhibiti, kata chaja ya betri, kisha fungua waya hasi wa betri. Jenereta ya aina hii huwaka yenyewe bila kumwonya mtu, na vidole vilivyo karibu na feni havina nafasi ya pili. Propani ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu, hivyo inapovuja hutambaa chini na kujikusanya katika mashimo, mifereji na vyumba vya chini. Inaweza kuwaka ikiwa imechanganyika na hewa kwa kiwango cha kuanzia asilimia 2.1 hadi 9.5. Ukisikia harufu yake, funga vali ya tangi, ondoka hapo, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, na uwaite wahusika wa gesi ukiwa mbali. Uvujaji mdogo hutafutwa kwa povu la sabuni kwenye viungo, kamwe si kwa moto. Aidha, kwa kuwa tangi lilikauka kabisa, mfumo wote ulipaswa kukaguliwa kama unavuja kabla gesi haijafunguliwa tena. Kama mjazaji hakufanya hivyo, ukaguzi huo utangulie majaribio yote ninayoyaeleza hapa chini.

Sasa nije kwenye jiko lako, ambalo ndilo lililokupotosha. Kichomeo kimoja cha jiko hutumia nguvu ya kilowati mbili au tatu, sawa na gramu mia mbili hivi za propani kwa saa. Jenereta ya kilowati 10 ikibeba mzigo kamili huhitaji kilo tatu au zaidi kwa saa, kwa sababu kilo moja ya propani ina nishati ya takriban kilowati-saa 13, na injini ndogo hugeuza kuwa umeme karibu robo tu ya nishati hiyo. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara kumi. Njia ya gesi iliyozibwa nusu, au hata zaidi ya nusu, inaweza kulilisha jiko kwa raha na ikashindwa kabisa kuilisha injini. Kwa hiyo moto wa jiko unathibitisha kwamba tangi si tupu, na hauthibitishi zaidi ya hapo.

Na kuna kifaa kimoja ambacho katika habari yako ningekishuku mbele ya vingine vyote. Ndani ya matangi mengi ya propani, na wakati mwingine kwenye bomba lenyewe, huwekwa vali ya kuzuia mtiririko uliozidi. Kazi yake ni kujifunga yenyewe bomba likikatika, ili gesi yote isimwagike. Haijui tofauti kati ya bomba lililokatika na bomba tupu ambalo mtu amelifungulia gesi kwa pupa. Tangi lilipokauka, bomba lako lilibaki bila shinikizo. Mjazaji alipomaliza na kuifungua vali ya mkono kwa haraka, gesi ilikimbilia kwenye bomba hilo tupu kwa kasi, na vali hiyo ya usalama huenda ilijifunga. Vali hizi huwa na kitundu kidogo kinachopitisha gesi kidogo hata zikiwa zimefungwa, ili shinikizo la pande mbili lilingane na vali ijifungue. Lakini kama kuna chombo kinachotumia gesi mbele yake, hata kama ni jiko tu, shinikizo halilingani, na vali hubaki imefungwa huku jiko likiendelea kuwaka kwa gesi inayopenya kwenye kitundu.

Namna ya kuirudisha haihitaji kipuri. Zima jiko na kila chombo kinachotumia gesi, na uhakikishe jenereta iko katika hali ya kuzimwa. Funga kabisa vali ya mkono ya tangi. Subiri dakika kadhaa. Katika aina nyingi utasikia mlio mdogo wa kubofya vali inapojifungua. Kisha ifungue vali ya mkono polepole sana, robo ya mzunguko, usubiri bomba lijae, halafu uendelee hadi iwe wazi kabisa. Vali iliyoachwa nusu wazi ni kasoro ya kawaida mno baada ya kujaziwa gesi, nayo hutoa dalili zilezile ulizonieleza. Baada ya hapo rudisha fyuzi, chaja na betri, futa ujumbe wa hitilafu, na uwashe kwa mkono. Huenda ikahitaji duru mbili au tatu za stata ili hewa iliyoingia kwenye bomba itoke. Iache ipumzike kati ya duru moja na nyingine, na usilegeze kiungo cha bomba karibu na injini ili kuharakisha kutoa hewa, kwa kuwa hapo unaimwaga gesi pembeni ya betri na stata inayotoa cheche.

Ikiwa imewaka na kuendelea, usishangilie kabla ya kupima shinikizo. Na ikiwa haijawaka, kipimo hichohicho ndicho kitakachokuambia uende upande gani. Injini nyingi za majumbani zinazotumia mvuke wa propani hutaka shinikizo la takriban kilopaskali 2.7 kwenye ingilio la gesi, ambalo ni sawa na safu ya maji ya sentimita 28. Watengenezaji wengi huruhusu kati ya sentimita 25 na 30, na kitabu cha mashine yako kitataja kiwango kamili. Kipimo chake cha kuaminika zaidi ni cha zamani: mrija mwangavu uliokunjwa kama herufi U, wenye maji, ambao upande mmoja umeunganishwa kwenye tundu la kupimia lililo kabla ya vali ya gesi ya injini. Tofauti ya urefu kati ya maji ya pande mbili ndiyo shinikizo. Kuunganisha mrija huo ni kazi ya fundi mwenye ruhusa ya kufanya kazi za gesi, lakini simama naye na uyaangalie maji mwenyewe.

Lazima maji yasomwe mara tatu: jenereta ikiwa imetulia, stata ikizungusha, na, kama itawaka, ikiwa imebeba mzigo mkubwa. Usomaji wa kwanza peke yake hauna thamani, kwa sababu njia iliyozibwa itaonyesha shinikizo zuri kabisa mradi hakuna gesi inayotembea. Ipe muda tu na shinikizo litajaa. Ni usomaji wa pili na wa tatu unaofichua ukweli. Kama maji yanashuka sentimita mbili hadi tano hivi mzigo unapoingia, mfumo ni mzima. Kama yanaanguka karibu na sifuri stata inapoanza, gesi haifiki, na kidhibiti, plagi na betri havihusiki. Kama, kinyume chake, maji yanarushwa nje ya mrija mara tu unapounganishwa, regyuleta ya hatua ya pili, yaani ile inayoshusha shinikizo kwa mara ya mwisho kabla ya injini, imeharibika au haijawekwa, na injini inapokea shinikizo la hatua ya kwanza, ambalo katika mifumo mingi ni karibu kilopaskali 69, yaani safu ya maji ya mita saba. Hapo funga gesi mara moja.

Gesi isipofika ilhali vali ya tangi iko wazi na vali ya usalama imefunguka, tazama regyuleta. Kila regyuleta ina kiwambo, yaani ngozi laini inayosogea kwa shinikizo, ambacho upande wake mmoja hupumua hewa ya nje kupitia tundu dogo, na tundu hilo likizibwa na barafu, udongo au utando wa buibui, kiwambo hakiwezi kusogea inavyopaswa. Buibui hupenda sana matundu ya vifaa vya gesi. Tundu linapaswa kuelekea chini na kuwa na wavu mzima. Kisha soma bamba la regyuleta na ulinganishe uwezo wake na mahitaji ya jenereta ikiwa na mzigo kamili pamoja na vyombo vingine vyote vya gesi vya nyumba. Regyuleta iliyochaguliwa kwa ajili ya jiko haitaweza, hata iwe mpya. Unene wa bomba nao una hukumu hiyohiyo: bomba refu na jembamba hupoteza shinikizo njiani, na hakuna marekebisho ya regyuleta yanayoweza kulifidia ipasavyo.

Tangi lenyewe nalo lina kikomo ambacho wengi hawakifikirii. Injini inatumia mvuke, na mvuke huo hutokana na propani iliyo katika hali ya kimiminika inayochemka ndani ya tangi kwa kunyonya joto kutoka kwenye kuta zake. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, lakini jinsi hali ya hewa inavyokuwa baridi na kiwango cha kimiminika hicho kinavyopungua, ndivyo tangi linavyotoa mvuke kidogo kwa saa. Mtungi mdogo unaoendesha jenereta kubwa utaanza kuota umande, kisha barafu, kwenye sehemu iliyo na kimiminika, na shinikizo litashuka polepole mpaka injini izimike. Hilo hutokea baada ya kuendesha kwa muda, wala si katika sekunde ya pili, kwa hiyo sidhani ndilo lililokupata siku hiyo. Nalitaja kwa sababu linaweza kukupata siku nyingine, umeme ukikatika kwa saa nyingi usiku wa baridi huku tangi likiwa na robo tu.

Tuseme shinikizo ni zuri hata stata inapozungusha, na bado injini haishiki. Sasa ndipo zamu ya vali ya umeme ya gesi, ile solenoidi iliyo kwenye ingilio la injini. Pima volti kwenye waya zake wakati stata inazungusha: zinapaswa kuwa karibu sawa na volti za betri kwa wakati huo. Kama volti zipo na vali haibofyi wala haipitishi gesi, vali imekwama au koili yake imekatika. Kama volti hazipo, fuata waya kurudi nyuma, fyuzi, viunganishi, kisha relei ya kidhibiti. Lakini kumbuka kwamba vidhibiti vingi haviifungui vali ya gesi mpaka vipokee ishara kwamba injini inazunguka, hivyo waya wa ishara uliotafunwa na panya unaweza kukifanya kidhibiti kizima kionekane kimekufa. Hapa tu, baada ya kuthibitisha kwamba ishara inaingia na amri haitoki, ndipo ningekubaliana na fundi wako.

Kwa upande wa cheche, plagi mpya si uthibitisho wa cheche. Tumia kifaa cha kupimia cheche kilichowekwa kati ya plagi na waya wake, kwa kila silinda, badala ya kuishika plagi karibu na injini mahali penye gesi. Propani huhitaji volti kubwa zaidi kuliko petroli ili cheche iruke, kwa hiyo mwanya wa plagi ambamo cheche huruka upimwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu, wala usiaminiwe kwamba umetoka kiwandani ukiwa sahihi. Kama silinda zote hazina cheche kwa pamoja, chomoa kwa muda waya mwembamba unaozima koili ya cheche, yaani ule unaopeleka koili kwenye ethi; cheche ikirudi, koili ni nzima na kosa liko kwenye waya huo au kwenye kinachouamuru. Maliza jaribio hilo ukiwa umefunga gesi, kisha urudishe waya, kwa sababu bila huo injini haitazimika kwa amri.

Yaliyobaki nayapitia kwa ufupi. Chujio la hewa lililoziba na kiota cha panya kwenye njia ya hewa huharibu mchanganyiko. Kama mashine yako inaweza kutumia pia gesi asilia, hakikisha kichaguzi cha gesi kiko upande wa propani: propani huhitaji takriban asilimia 4 tu ya mchanganyiko na hewa ili iungue kikamilifu, ilhali methani huhitaji karibu asilimia 9.5, hivyo kichaguzi kikiwa upande wa gesi asilia injini itazama katika propani iliyozidi. Nafasi za vali za silinda zikibadilika kwa matumizi, mgandamizo hupungua na injini huwa ngumu kuwaka. Zikilegea mno, utaratibu wa kupunguza mgandamizo wakati wa kuwasha haufanyi kazi na utasikia stata inasita na kurudi nyuma. Na ingawa betri yako ni mpya, ipime: ikitulia ionyeshe volti 12.6 au zaidi, na stata ikizungusha isishuke chini ya takriban volti 9.6. Betri mpya iliyofungwa kwenye vichwa vyenye kutu hushindwa kipimo hiki cha pili.

Utauliza kwa nini majaribio ya kila wiki, ambayo jenereta hujiwasha yenyewe kujipima, hayakukuonya. Katika aina nyingi, jaribio hilo huendesha injini bila mzigo, na baadhi huiendesha kwa kasi ya chini, kwa hiyo linathibitisha betri na stata na kuacha njia ya gesi bila kupimwa. Kwako huenda pia hakukuwa na jaribio kati ya siku tangi lilipojazwa na siku umeme ulipokatika. Kwa hiyo jenereta ikishawaka, katisha umeme wa gridi kwa swichi kuu, acha jenereta ichukue nyumba yenyewe, washa vyombo vyako vikubwa kimoja baada ya kingine, na usome mrija wa maji kwa angalau nusu saa. Fundi aandike namba tatu, yaani shinikizo la kutulia, la kuwasha na la mzigo kamili, kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko cha mashine. Rudia jaribio hilo la mzigo kila tangi linapojazwa baada ya kukauka, na kila regyuleta au bomba linapoguswa. Injini ikikataa tena hata baada ya hapo, mpe fundi namba hizo tatu pamoja na mpangilio wa hitilafu ulioandika kutoka kwenye kumbukumbu, naye aanzie kwenye volti za solenoidi kabla ya kutaja bei ya kidhibiti.